Ryzen 5 2600 nimeipandisha spidi kwenye joto la Dar, na bado inadunda

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na mwenye harusi hana subira. Prosesa ninayotumia ni Ryzen 5 2600, ile ya AMD ya mwaka 2018, kori 6 (sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja). Inaanzia gigahezi 3.4 na ikijitutumua yenyewe hugusa 3.9, ila kori zote zikibanwa kazi pamoja, yangu ilikuwa inaishia 3.6 hivi. Ndiyo nikaanza kuichokonoa.

Mara ya kwanza niliingia kwa pupa. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi kuu ya kompyuta, nikaweka kizidishi 40 (mara megahezi 100, ndiyo gigahezi 4.0), volti nikaziacha kwenye Auto, bodi ijichagulie. Bodi haina uchungu na mali ya mtu: ikasukuma 1.4 na ushee, na feni bado ile ndogo inayokuja na boksi. Mchana wa Februari, Tabata, chumba hakina AC. Dakika ya nne HWiNFO, programu ya kusoma joto, inasoma digrii 93, feni inalia kama blenda. Kikomo cha prosesa hii ni 95. Najua ikifika hapo hujipunguza yenyewe, lakini sikutaka kushuhudia. Nikazima.

Nikanunua Hyper 212 ya Cooler Master, kipoza kirefu chenye feni. Pima kesi yako kwanza! Ule mnara una karibu milimita 160; ubavu wa kesi yangu uligoma kufunga, nikakaa wiki mbili mashine iko wazi, inakula vumbi, mpaka nikapata kesi nyingine.

Safari hii volti nilizishika mwenyewe. Nikaanzia 3.8, napanda megahezi 25, naendesha Cinebench (programu ya kuipima prosesa) mara tatu, napanda tena. 4.0 kwa volti 1.25 ikanitolea skrini ya bluu, kwa 1.3 ikatulia. OCCT, programu ya kuibana prosesa kwa kazi nzito, saa nzima: digrii 78. Video iliyokuwa inatoka kwa dakika 41 sasa 37. Nikapata tamaa, nikajaribu 4.1: ikadai volti 1.4, joto 88, faida dakika moja. Nikarudi.

Ukikosea na mashine ikagoma kuwaka, chomoa umeme, toa ile betri bapa ya bodi dakika chache, BIOS inarudi ya kiwandani. Ila ukiiunguza kwa mtindo huu, dhamana ya AMD haikuhusu.

Kwenye gemu sikuona tofauti ya maana. Kama unacheza tu, hela ya Hyper iongezee kwenye kadi ya grafiksi.