Mhariri wangu na UVIKO-19 ya mwaka 1956

Ukurasa wa 88 wa mswada wangu, baba anapeleka mkono kuchomoa jani lililokwama, halafu "UVIKO-19 ikamla vidole viwili." Mwaka ni 1956. Mahali ni shamba la mkonge, Muheza. Niliisoma mara tatu nikidhani ni macho. Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya shuka, nikarudi. Ipo palepale.

Kwa asiyekulia mkongeni: korona ni mashine inayokwangua jani la mkonge, nyama inatoka, zinabaki singa. Ndiyo jina lake. Sisi tuliolelewa kambini tulikuwa tunasema fulani "yuko korona" kama mwingine anavyosema fulani yuko ofisini. Ikianza kunguruma alfajiri hakuna mtoto anayelala, na harufu ya yale maji ya majani ilikuwa haitoki kwenye nguo hata ukizifua. Baba aliacha vidole viwili mle ndani, cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Nimekula sahani moja na mkono ule. Leo kijana wa Dar niliyemlipa kwa hela yangu ya kiinua mgongo ananiambia ni UVIKO.

Mara 29. Nilizihesabu. "Mlio wa UVIKO-19 ukasikika hadi kambini." "Baada ya miezi sita ya kukata akahamishiwa UVIKO-19." Na upatanisho wa sarufi haukuguswa: UVIKO-19 ikanguruma, UVIKO-19 ikazimwa, UVIKO-19 ikapakwa grisi. Hapo ndipo nilipojua huyu bwana hakusoma. Alibonyeza. Kumbe kwenye kompyuta kuna mahali unabadilisha neno kitabu kizima kwa mpigo mmoja, mwanangu ndiye aliyenionyesha. Mhariri wetu kabonyeza, kaenda kunywa chai.

Nirudi nyuma kidogo. Nilimpata kupitia mtoto wa rafiki yangu, mwaka jana, mvua za vuli zimeanza au zinakaribia kuanza. Anajitegemea, hana ofisi, kila kitu kwa simu. Tulikubaliana laki tano kwa kurasa 212, nusu mbele, nusu akimaliza. Adabu alikuwa nayo, kila ujumbe shikamoo mzee wangu. Aliahidi wiki tatu, ikafika kama miezi miwili, sikusema kitu, maana kazi ya maandishi haikimbizwi.

Kosa nililofanya ni kutomuuliza ataurudishaje. Faili lilikuja safi. Halina hata alama moja nyekundu ya kuonyesha kafuta nini, kaongeza nini. Mwanangu anasema mhariri anayejua kazi hukurudishia mafaili mawili, lenye alama na lisilo na alama. Mimi nilikaa sebuleni siku nne, mswada wangu paja hili, wa kwake paja lile, mstari kwa mstari kama karani anayesaka shilingi iliyopotea. Mwenye mswada wake na aulizie hilo kabla hela haijatoka.

Katika siku nne hizo ndipo niliyaona na mengine. Manamba wamegeuzwa "vibarua". Manamba ni mtu aliyeandikishwa huko kwao, akapewa namba, akaletwa kwa mkataba. Baba alitoka Kasulu hivyo, na namba yake aliitaja hata siku ambazo majina ya wajukuu yalikuwa yanampotea. SILABU, ile ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 kusaka wafanyakazi, imekuwa "silabi". "Baba aliandikishwa na silabi." Na pale nilipoandika "alipomaliza kipande" naona "alipomaliza kipande cha kazi". Jamani, kipande ni kadi! Siku thelathini za kazi, kila siku inatiwa alama yake, ikijaa ndiyo unaenda dirishani kulipwa.

Nikampigia, hakupokea. Nikamwandikia kwa upole, naapa ilikuwa kwa upole, nikamweleza korona ni nini. Akanirudishia ujumbe wa sauti, dakika nzima, nyuma yake muziki na honi za bodaboda. Bado ninao. "Mzee wangu, wewe hadithi unayo, lugha tuachie sisi tulioisomea. Korona si sanifu, neno sanifu ni UVIKO-19. Msomaji wa leo ukimwambia korona anajua ugonjwa."

Tuachie sisi! Miaka 26 nimekuwa karani wa stoo, nimewaandikia barua wasiojua kuandika, za posa, za msiba, za kudai mafao, leo lugha niwaachie wao. Usiku ule niliandika kila kilichonijia kichwani, nikafuta, nikaandika tena, mpaka mke wangu akaninyang'anya simu akailalia. Kama ningeandika maoni haya siku ile yangekuwa na neno moja tu, nalo ni wizi.

Sasa shida yangu ni ukurasa wa 31.

Lile faili lilikuja na ujumbe wa mistari michache ambayo kwa hasira sikuwa nimeisoma. Karibu yote ni mambo ya nukta na mikato, halafu hili: "Mzee, ukurasa wa 31 baba anapanda treni Kigoma anashuka Korogwe. Njia ya Ruvu hadi Mnyusi inayounganisha reli ya kati na ya Tanga ilifunguliwa 1963. Mwaka 1956 treni isingefika huko. Walishukia wapi?"

Nilikaa kimya. Nimeishi na reli ile masikioni maisha yangu yote, sikuwahi kujiuliza. Nikampigia shangazi, ambaye alikuja na baba safari moja akiwa mtoto. Akacheka mpaka akakohoa. "Treni gani ya Korogwe? Tulishushwa Morogoro, tukapakiwa kwenye malori usiku. Baba yako alitapika njia nzima, mimi ndiye niliyemshikia kikombe." Baba alipokuwa anatusimulia, siku zote ilikuwa treni, treni, treni. Lori hakuwahi kulitaja. Sura ya tatu nimeiandika upya yote, na mwanangu, ambaye kusoma kwenyewe ni mpaka abembelezwe, aliimaliza amesimama jikoni. Sura hiyo isingekuwepo bila bwana UVIKO.

Na nikianza kusema ya haki niyaseme yote. Nilikuwa naanza kila aya na "basi". Kaziondoa, kabakisha chache. Nilinuna. Nimejisomea kwa sauti, yuko sawa.

Kwa hiyo nimpe nini? Juzi ilikuwa nyota moja. Leo asubuhi nilishafika tatu, hata nikamwambia mke wangu kijana ana akili, ni ujana tu. Sasa nikiandika hapa na kuikumbuka ile "tuachie sisi" naona mbili zinamtosha. Kinachonikera ni kwamba kuuliza anajua. Kwenye reli kauliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuusoma mswada huu, kwenye korona kajifanya anajua. Ujumbe mmoja tu, mzee korona ni kitu gani, ningemjibu hata saa nane za usiku.

Nusu ya pili nimemtumia, pungufu elfu ishirini na tisa. Elfu moja kwa kila UVIKO, na hesabu nikamwandikia chini. Alipokea, akanyamaza siku kadhaa, nikajua amenuna.

Jana usiku ukaingia ujumbe. "Shikamoo mzee. Ya korona nimeelewa, samahani. Hivi kipande ni kipande cha nini?"

Sijamjibu. Miezi miwili mimi nilisubiri, na yeye asubiri kidogo.