Bwawa la Masinga: Je, Safari Inalipa?

Haya jamani, karibuni tena. Swali la Masinga mmeliuliza mpaka basi: inafaa kutoka Nairobi wikendi, au ni zile picha tamu za mtandaoni tu? Leo tunaichambua.

Njia kwanza, chapchap. Thika, Matuu, ukifika Kangonde unaiacha barabara ya Garissa unashika ya Embu. Mafuta jazeni Matuu. Msimu wa maembe ukiwakuta njiani, acheni nafasi kwenye buti.

Sasa bwawa lenyewe. Kwa eneo la maji, hili ndilo kubwa kuliko yote Kenya. Likijaa, linabeba maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, na uso wake unatanda kama kilomita za mraba 120. Ukisimama ukingoni unaona ziwa kabisa, ng'ambo ni vilima tu. Lilikamilika 1981, na ndilo la juu kabisa kati ya yale matano ya Mto Tana. Chini yake kuna Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Cha ajabu, umeme wake ni megawati 40 tu, ilhali Gitaru ina 225. Kazi kubwa ya Masinga ni kuweka akiba. Mvua inapokewa hapa, kiangazi kikibana, mabwawa ya chini yanafunguliwa maji.

Na hapo ndipo mgeni anapoumia, maana ufuo unahama! Tazama klipu hii, mwisho wa kiangazi. Nyasi zinaishia pale, halafu ni udongo uliopasukapasuka, nyayo za ng'ombe zimekauka ndani yake, na mashua imelazwa ubavu mbali na maji. Hii nyingine ni baada ya masika: pahali palepale, maji yamefika kwenye vichaka. Anayekuuzia picha ya pili akupeleke Oktoba, utadhani umetapeliwa.

Kuna na upande wa pili. Mwaka 2024 mvua ilizidi, bwawa likafurika, maji yakaingia mpaka kwenye hoteli ya ukingoni. Kwa hiyo katikati ya masika msikimbilie kuweka nafasi. Sikilizeni taarifa za Tana kwanza.

Rangi ya maji ni kahawia, usitarajie buluu ya Diani. Ni udongo unaoletwa na mto kutoka mashamba ya juu, na huo huo unalipunguzia bwawa nafasi mwaka baada ya mwaka.

Mashua ndiyo raha yenyewe. Panda asubuhi, kabla jua la Ukambani halijaanza kazi yake. Ndege ni wengi, na kina mnandi wanakausha mabawa juu ya miti mikavu iliyochomoza majini. Kagua jaketi la kuokoa maisha mwenyewe. Mimi niliwahi kupewa moja ambalo buckle yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya manila! Nililirudisha. Kuogelea ziwani, sahau. Mamba wapo, viboko wapo. Mwenye watoto abaki nao kwenye kidimbwi cha hoteli.

Samaki? Tilapia wa kukaanga na ugali, kula bila wasiwasi.

Alama zangu: Juni, nane kwa kumi. Oktoba kabla ya mvua, tano, na moja kati ya hizo ni ya tilapia. Ukutani kwenyewe kuna ulinzi, kwa hiyo kabla hujarusha droni yako, muulize askari.