Kiyoyozi cha gesi ya R22 kinachovuja: kukitengeneza au kununua cha gesi mpya zaidi ya R32?

Feni ya nje ikizunguka huku kompresa (pampu ya gesi) ikiguna tu na kuzima, usikimbilie dukani. Mara nyingi ni kapasita, kipuri cha bei ndogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Fundi aweke yenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile.

Gesi kupungua ni jambo jingine. Haichomwi kama petroli, kwa hiyo ikipungua kuna tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta kwa povu la sabuni anakuuzia miezi michache tu. Tundu la kwenye maungio hutengenezeka: linachomelewa, hewa na unyevu vinavutwa kwa pampu ya vakyumu, kisha gesi inapimwa kwa mizani. Lakini pwani, chumvi ikishaila koili (mabomba yaliyokunjwa yanayopitisha gesi), kiraka kimoja huita kingine, na R22 yenyewe inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, makubaliano ya kimataifa ya kulinda tabaka la ozoni.

Kiyoyozi cha inverta, yaani ambacho kompresa yake hubadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima, chenye R32 huokoa umeme kikiwashwa saa nyingi. Kwa chumba kinachopozwa kwa muda wa saa moja tu jioni, faida ni ndogo. Dai mabomba mapya ya shaba, kwani ya zamani yamebaki na mafuta yasiyopatana na mfumo mpya. Na R32 isijazwe kamwe kwenye mashine ya R22: presha yake ni kubwa zaidi, tena inaweza kushika moto.