Uzoefu wangu: CD mbili za Edmond Clément

Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya tatu, na miaka yote nimeamini kwamba noti ya juu hufikiwa kwa nguvu. Unajaza pumzi, unakaza shingo, unaipiga. Imani hiyo nimevunjiwa na Mfaransa aliyefariki mwaka 1928.

Nilinunua CD mbili zenye rekodi za Edmond Clément, mwimbaji wa opera wa sauti hiyohiyo ya tatu (tenor), zilizohamishwa kutoka kwenye santuri. Nilianza na wimbo wa ndoto katika opera ya Manon ya Massenet, aliourekodi Marekani mwaka 1911 kwa kampuni ya Victor. Kijana Des Grieux anamsimulia mpenzi wake kijumba cheupe alichokiona msituni akiwa amefumba macho. Clément haimbi kama anayehutubia ukumbi. Anaimba kama aliyeketi na huyo binti meza moja. Noti zinapopanda yeye anapunguza, anachanganya sauti nzito ya kifua na nyepesi ya kichwa hata huoni zinapoungana. Nilirudia mara nne usiku ule. Na matamshi yake! Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini nilifuata kila silabi kwa kidole kwenye karatasi.

Na maikrofoni haikuwepo wakati ule. Kurekodi kwa umeme kulianza kuenea mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, na msukumo wa sauti yake ndio uliotikisa sindano ikachora mfereji kwenye nta. Pembe ile iliwafaa wenye sauti kubwa zenye nguvu. Clément aliisogelea na mnong'ono, na mnong'ono ukaingia kwenye nta.

Mwaka huo wa 1911 Clément alikuwa ameshapita miaka 40. Alianza mwaka 1889 kwenye jumba la opera la Opéra-Comique, Paris, akiigiza Vincent katika opera ya Mireille ya Gounod, na jukwaa hilo likawa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Opera ya Puccini, Madama Butterfly, ilipofika Paris mwaka 1906, aliyeigiza Pinkerton, mwanamume mkuu wa hadithi, alikuwa yeye. Ndipo akavuka bahari kuimba kwenye jumba la opera la Metropolitan, New York, msimu wa 1909–10, kisha Boston. Rekodi zake za kampuni ya Odeon za mwaka 1905 zimo pia. Zina mchakacho mwingi, mimi nazisikiliza kwa nadra.

Waliohamisha santuri wameniangusha kwenye wimbo wa wawili kutoka opera ya Wavuvi wa Lulu ya Bizet, aliouimba na Marcel Journet mwaka 1912. Nilipima kwa kinanda: uko nusu toni juu, na besi ya Journet inasikika kama ya kijana wa shule. Santuri za zama zile hazikukatwa zote kwa mwendo mmoja, hata kama tunaziita za mizunguko 78 kwa dakika, kwa hiyo anayehamisha lazima atafute mwendo sahihi. Hapa hawakutafuta. Nimeupunguza mwendo kwa programu ya simu, na Journet amerudi kuwa Journet. Kijitabu nacho hakina hata tarehe moja, zote nimejitafutia.

Natoa nyota nne kati ya tano, na ninazinunua tena kesho zikipotea.

Jumamosi mazoezini nilijaribu noti yetu ya juu kwa kuipunguza badala ya kuipiga. Ilinivunjikia. Jumamosi iliyofuata ilisimama mapigo mawili.