Uzoefu wangu na Wi-Fi ya meshi: kasi inategemea kituo cha pili umekiweka wapi

Wi-Fi ya meshi ni vituo kadhaa vinavyopokezana mtandao ndani ya nyumba. Seti ninayotumia ina vituo vitatu vya Wi-Fi 6, vyenye bendi mbili za mawimbi ya redio, gigahezi 2.4 na 5. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeikosa kwa sababu haina bendi ya tatu ya kuunganisha vituo vyenyewe, na upungufu huo unauona mara tu ukipima kasi.

Kituo cha kwanza kimechomekwa kwenye ruta kwa waya. Cha pili huwasiliana nacho hewani, kwa redio ileile inayohudumia simu na laptopu. Redio hiyo haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, kwa hiyo data ileile inapita hewani mara mbili. Penye kituo cha kwanza napata megabiti 300 kwa sekunde, kwenye cha pili 140 hivi. Nilipoviunganisha viwili hivyo kwa waya wa mtandao aina ya Cat5e, tofauti ikaisha karibu yote. Waya huo hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, na kama unaweza kuupitisha ukutani, upitishe kabla ya kufikiria kununua seti ya bei kubwa zaidi.

Wengi wanaoilalamikia meshi wameweka kituo cha pili palepale mtandao unapofia. Kituo hakizalishi intaneti, kinarudia tu kile kinachokifikia. Kikipokea mawimbi dhaifu, simu itaonyesha alama zimejaa huku video ikikwama. Kiweke katikati, kati ya kituo cha kwanza na pale mtandao unapofia. Pakua programu ya kupima mawimbi, simama pale unapotaka kukiweka, usome namba: -60 hadi -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) panafaa, -75 sogea karibu na kituo cha kwanza. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kikae juu ya meza au kabati, kisiwe nyuma ya friji, kioo kikubwa au tangi la samaki. Oveni ya maikrowevu nayo huvuruga bendi ya 2.4 kila inapowashwa.

Kwenye mipangilio, kama ruta ya zamani bado inagawa anwani za mtandao (IP) kwa vifaa, iweke meshi katika hali ya kusambaza tu (access point). Zikigawa zote mbili, unakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba moja: printa iliyobaki kwenye ruta haionekani kwenye laptopu iliyo kwenye meshi, na baadhi ya michezo ya mtandaoni hugoma kuunganisha wachezaji.

Upande wa usalama chagua WPA2 na WPA3, yaani mbinu za kulinda Wi-Fi kwa nenosiri, kwa pamoja, maana ukiweka WPA3 peke yake vifaa vya zamani vitakataa kuingia. Taa na soketi za Wi-Fi nyingi zinajua bendi ya 2.4 tu, zikigoma kusajiliwa, zima 5 kwa muda, zisajili, kisha uiwashe. Katika jengo lenye majirani wengi, bendi ya 2.4 ibakize kwenye upana wa megahezi 20, chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Kwa nyumba ya vyumba viwili sikushauri kununua meshi. Itoe kwanza ruta uliyonayo kabatini, uiweke katikati ya nyumba, upime tena.