Resthausi ya zamani Mpwapwa: siku tatu nilizolala kweli

Nilikwenda Mpwapwa wiki ya pili ya Julai, nikiwa nimetoka kufunga hesabu za mwaka wa fedha. Wahasibu wenzangu mnajua Juni ilivyo: unatoka ofisini saa nne usiku, usingizi unakuja saa nane, na hata ndotoni unaona namba. Mama alikuwa amekuja Dodoma kunitembelea. Aliniangalia siku mbili, ya tatu akasema, "Mwanangu, wewe huumwi. Umechoka. Twende mahali ukalale." Tukaenda wote.

Tulipanda basi dogo stendi ya Nanenane asubuhi, tukaiacha barabara ya Morogoro pale Mbande, tukapita Kongwa, na saa sita haijafika tulikuwa Mpwapwa. Ni kama kilomita 120. Watu wamekuwa wakipumzika hapa tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa ikitua Mpwapwa kwa sababu maji yapo, na mbele yake inaanza Marenga Mkali, nyika kavu ya kuvuka kabla hujaingia Ugogo. Wapagazi walitua mizigo, wakala, wakajaza vibuyu. Ukitoka kwenye upepo na vumbi la Dodoma la mwezi wa saba, ukaona safu ya Kiboriani imesimama juu ya mji, hapo hapo mabega yanashuka.

Nyumba yenyewe ni ya enzi za Mwingereza, ya kulaza maofisa waliokuwa safarini, na wenyeji wanaiita resthausi tu. Haina kibao, uliza bodaboda yeyote. Kuta zake ni za mawe, nene hivi kwamba niliweza kukaa kwenye ukingo wa dirisha na miguu yote nimeikunja humo, kikombe cha chai pembeni. Mchana jua linawaka nje, ndani ni baridi ya mtungi. Lakini kilichonikaa moyoni ni sakafu. Ni ya saruji nyekundu, na mzee anayeitunza huing'arisha kila asubuhi kwa polishi. Anasimama juu ya kipande cha blanketi kuukuu, mguu mmoja unasukuma, mwingine unafuata, polepole, kutoka mlangoni hadi mwisho wa baraza. Ile shwaa, shwaa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Siku ya kwanza iliniamsha saa tatu asubuhi, na nilikuwa nimelala tangu saa mbili usiku. Sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo.

Kitanda ni cha chuma, chandarua hakina tundu, shuka zinanuka jua. Usiku unasikia upepo kwenye miembe, basi.

Chakula kinapikwa kwa oda. Ukitaka kuku wa kienyeji jioni, sema asubuhi. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mama yangu, mtu wa Singida asiyesifia mlenda wa watu ovyo, aliomba aongezewe. Chai ya maziwa ni nzito. Huu ni mji wa mifugo, hapa ndipo ilipozalishwa ile aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa, na kwenye kikombe unaonja.

Sasa yasiyoridhisha. Maji ya moto yanachemshwa kwa kuni kwenye pipa nyuma ya nyumba, unaletewa kwa ndoo. Jioni ya pili kuni zilikuwa zimeisha na hakuna aliyetuambia. Nilisubiri karibu saa nzima, mwisho nikaoga ya baridi, na Julai ya Mpwapwa usiku si ya mchezo. Mlango wa bafu haufungi vizuri. Hayo nayasamehe. Linaloniuma ni paa. Chumba cha kona dari lina madoa makubwa ya maji, na nguzo moja ya baraza imeliwa na mchwa mpaka inachomeka kidole. Nawaomba sana wanaoimiliki waitengeneze kabla mvua za Desemba hazijaanza. Mafundi wa kujenga kuta kama zile leo utawatoa wapi?

Tulilipa Sh. 30,000 kwa usiku, chumba cha vitanda viwili, pamoja na chai ya asubuhi. Mtandao unashika ukitoka uani. Bebeni sweta.

Siku ya kuondoka tulimkuta mzee barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akamgeukia mama kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa!" Mama akacheka, wakaketi kuulizana habari za ukoo mpaka basi la kwanza likatupita. Tunarudi Agosti. Chumba chenye dirisha la mlimani kimeshawekwa, na mama ameacha hela ya kuku.