Ukitaka Kupiga Picha Nyumba za Amu, Anza Kununua Hivi

Kazi ya kwanza niliyolipwa ilikuwa nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa hapa Amu (Lamu): chumba cha ndani, ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nilikuwa na kamera mpya kabisa, pesa za kuinunua nimekopa. Nikaiinua juu ili boriti za dari zionekane, nikabonyeza. Bi mwenye nyumba akaitazama picha kwenye kioo cha nyuma, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nyumba yangu mbona waiangusha?"

Kweli ilikuwa inaanguka. Kuta zimelalia ndani, zidaka za pembeni zimekatwa, na nakshi za chokaa zimefifia kwa sababu mkono ulitikisika. Pesa yote nilikuwa nimeiweka kwenye bodi ya kamera (kamera yenyewe bila lenzi), nikabaki bila vitu viwili ambavyo nyumba ile ilivihitaji: tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, na lenzi pana. Mpangilio huu ni kwa kijana anayetaka kujifunza kupiga picha majengo ya mji wetu, labda pia apate kazi za nyumba za wageni, na mfuko wake ni wa kawaida.

Kwanza pima chumba. Nyumba za mawe za Amu zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazizidi sana mita 2 na nusu hadi 3. Kwa hiyo ukisimama mgongo ukutani ukaelekeza kamera ukuta wa pili, lenzi iko kama mita 2 kutoka unachokipiga. Hakuna pa kurudi nyuma, labda utoboe ukuta wa jirani. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachonasa picha), lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi (namba ni milimita, zikiwa chache lenzi huona pana zaidi), ukiifungua yote kwenye 18, kwa mita 2 hizo itachukua upana wa kama mita 2 na nusu na kimo cha mita 1.7 tu. Lenzi ya milimita 10 kwenye kamera hiyo hiyo inachukua mita 4 na nusu kwa mita 3. Kwa hesabu hiyo ndiyo nimepanga orodha.

1. Tripodi

Najua, wengi hawaihesabu kuwa ni kifaa. Wanaiona mzigo. Lakini fikiria mwanga wa nyumba hizi: jua linaingia kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kutoka kiwanda linapita msana, ukumbi ulio wazi upande wa ua, na likifika ndani limeshachoka. Ukiweka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 (tundu la lenzi; namba ikikua tundu hupungua), ambayo ndiyo itakupa picha kali kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, shata, lile pazia linaloingiza mwanga, itataka kukaa wazi sekunde nzima au zaidi. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho. Ukipandisha ISO ili ushike kwa mkono, ukuta wa chokaa unajaa chenga na nakshi ndogo zinapotea. Ukiwa na tripodi, kamera ya mtumba itakupa picha ambayo kamera ya bei mara tano, ikishikwa mkononi, haiipati.

Dukani, usiangalie urefu ulioandikwa kwenye boksi. Ivute miguu yote, uiweke chini, uikandamize kwa kiganja kutoka juu. Ikizama au ikijipinda, irudishe. Kisha igonge kichwani kwa kidole uone inatetemeka muda gani. Ya alumini nzito kidogo ni nzuri kuliko ile nyepesi ya bei hiyo hiyo, maana hapa hatupandi mlima, tunapanda ngazi za nyumba. Mimi napendelea miguu ya kufunga kwa klipu kuliko ya kuzungusha: mchanga wa Shela ukiingia kwenye zile nyuzi za kuzungusha utasikia inasaga kama jiwe la kusagia. Kichwa kiwe cha mikono mitatu, kila mkono na upande wake. Kile cha mpira mmoja ni cha haraka, lakini ukirekebisha upande mmoja mwingine nao unahama, na katika kazi hii tunatafuta unyoofu.

Na hapo ndipo lile swali la Bi linapopata jibu. Fundi anasimamisha ukuta kwa timazi na kulaza mstari kwa pima maji. Mpiga picha naye anahitaji pima maji, kidude kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya kamera pale pa flashi, bei yake ndogo. Kamera ikilala sawa kabisa, kuta zitasimama. Ukiinamisha kamera juu hata kidogo, zitaanza kulaliana. Ukitaka kuona dari zaidi, pandisha tripodi, usiinue pua ya kamera. Kwa chumba cha ndani, mimi huanza kwenye kimo cha kama mita 1.2, usawa wa kiuno na zaidi kidogo.

Kama una simu tu, nunua tripodi hiyo hiyo na kishikio cha simu, usiende mbali zaidi kwa miezi kadhaa. Lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, ni pana vya kutosha kwa chumba chembamba, ila sensa yake ni ndogo na gizani inaharibika upesi. Ikiwa imetulia juu ya tripodi na umeweka saa ya sekunde 3, utashangaa.

Tahadhari moja ya vichochoro: ukisikia kwato, funga miguu miwili na uegemee ukuta. Punda wa mawe ya kujengea hana breki, na anayemwendesha yuko nyuma yake.

2. Lenzi pana

Kwa Canon za sensa ndogo, tafuta EF-S 10-18mm f/4.5-5.6. Kwa Nikon za aina hiyo, AF-P 10-20mm f/4.5-5.6. Zote nyepesi, za plastiki, na zinapatikana kwa mkono wa pili. Kuna lenzi za f/2.8 ambazo muuzaji atakusifia sana kwa kupiga gizani. Kazi hii inafanywa kwa f/8 juu ya tripodi, basi hiyo f/2.8 unailipia na huitumii.

Kuna mitego miwili. Lenzi ya EF-S haiingii kwenye Canon za sensa kubwa kama 5D au 6D, kwa hiyo usichanganye ununuzi. Na ile AF-P ya Nikon haifanyi kazi na bodi za zamani kama D3200 na D5100: haifokasi hata ukizungusha kwa mkono. Nimeshamwona mtu ameletewa viwili hivyo ndani ya boksi moja, kutoka kwa muuzaji mmoja.

Ukishaipata, jizuie. Milimita 10 inavuta vitu vya pembeni. Kitanda cha samadari ukikiweka kwenye kona ya picha kitarefuka kama jahazi, na mwenye nyumba ya wageni atapata malalamiko kutoka kwa mgeni aliyekuja akakuta chumba kidogo. Tumia 10 pale mgongo umegusa ukuta. Kwenye kiwanda, ambako una nafasi, rudi 14 au 16. Ile 18-55 usiiuze: kwa mlango wa nakshi, kidaka kimoja, au mikunjo ya chokaa juu ya upinde, kati ya 35 na 55 ndipo pazuri.

3. Bodi ya mtumba

Sasa ndiyo kamera. Megapikseli 18 hadi 24 zinatosha hata kwa bango la hoteli. Ninachokiangalia ni kama inaweza kupiga picha tatu mfululizo za mwanga tofauti, moja ya kawaida, moja ya giza, moja ya mwanga, ambazo baadaye utaziunganisha kuwa moja. Bila hizo, dirisha la kiwanda litaungua jeupe au ndani itakuwa pango. Canon 700D inafanya hivyo, na ukiweka saa ya sekunde 2 inapiga zote tatu bila kuguswa tena. Nikon D5300 pia inazo. Nikon za familia ya D3000 hazina huduma hii, utabadilisha mwenyewe kwa kidole, na kila ukigusa kamera inasogea. Kwa sababu hiyo tu, mimi huziweka chini.

4. Kopo kavu

Niliweka hili juu ya programu kwa makusudi. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kuvu hupenda gundi na vioo vya lenzi. Kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, pakiti kadhaa za silika, basi. Begi la ngozi ndiyo nyumba ya kuvu yenyewe. Lenzi uliyoichangia miezi sita isiharibike kwa kukosa kopo la mandazi.

5. Programu

Usilipe bado. Darktable ni ya bure, inanyoosha kuta na kusoma faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera. Kwenye simu, Snapseed ni ya bure na ina sehemu ya kurekebisha mistari iliyolala. Lightroom ni nzuri lakini hulipiwa kila mwezi, isubiri kazi ianze kuilipia yenyewe.

Visivyo vya sasa

Lenzi za shifti, kama TS-E 24mm ya Canon, ndizo wanazotumia mabingwa wa majengo, maana zinapanda juu bila kamera kuinama. Lakini bei ya moja mpya inakununulia karibu kila kitu nilichotaja hapo juu kwa mkono wa pili, na nauli ya kwenda Mombasa ikabaki. Flashi: inaua kile kivuli laini cha zidaka ambacho ndicho ulichofuata. Droni: Kenya inataka usajili na leseni kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, usianzie huko.

Pa kufanyia mazoezi hutakosa. Mji umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta zake ni darasa. Majengo ya ufuoni yanatazama kisiwa cha Manda, mashariki, jua likichomoza yanapata mwanga wa uso kwa uso, ukichelewa hadi mchana yanakufa rangi. Ngome pale Mkunguni, iliyokamilika 1821, ina kuta nene na uwanja wa ndani wa kujifunzia mwanga na kivuli. Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili yana zidaka unazoweza kuzipiga bila kuingia faraghani mwa mtu, uliza tu langoni kwanza. Msikitini na majumbani piga hodi, ueleze unataka nini, na ukiambiwa chumba fulani hakipigwi, lenzi pana igeuze upande mwingine kabla hata hujafungua tripodi.

Siku ya kulipa

Vifaa vingi utaagiza Nairobi au Mombasa, vije kwa basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha boti. Ukishatuma pesa umeshaachia, kwa hiyo mwombe ndugu au rafiki aliye huko akague kwanza. Lenzi aifungue mbele na nyuma, amulike tochi ya simu kupitia upande mmoja na atazame upande wa pili: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au majani madogo, na ikiwepo asinunue hata kwa nusu bei. Kwa bodi, apige picha moja ya ukuta mweupe kwa f/16 na akuze kwenye kioo. Madoa meusi machache ni vumbi la sensa, muuzaji asafishe mbele yake au apunguze.